Mia ya Machungwa

Daktari, umenipa wiki mbili za kufikiri
kana kwamba kufikiri ni chumba,
naweza kuingia nikajifungia.
Leo siku ya tisa. Nimefikiri nikiwa nimesimama,
soko la Mgandini, magunia mbele yangu,
mshono bado unanivuta nikiinama.

Ulisema: kati ya wanawake mia
waliotolewa kizazi, wenye karatasi kama yangu,
kumi na wanne utawarudia.
Wakipata mionzi, wanne.
Ya nje, mara ishirini na tano;
au ya ndani, kifaa kidogo, mara tatu.
Ukanyamaza, kisha ukaongeza kwa sauti ya chini
kwamba umri huenda usirefuke,
kinachopungua ni kurudi.

Hesabu ya mia naijua.
Miaka ishirini na miwili nanunua machungwa ya Muheza kwa mia.
Katika kila mia yamo yaliyooza kwa ndani,
ganda zima, kikonyo kibichi.
Lipi, sijui.
Lakini mnunuzi hali kumi na manne kati ya mia.
Anamenya moja.
Likiwa bovu, ni bovu lote.

Karatasi ilikaa Moshi siku thelathini na sita.
Ikarudi: *umepita nusu ya ukuta.*
Nikauliza, ukuta gani?
Ukachora kwa kalamu ya bluu, nyuma ya kadi yangu,
kitu kama pera linaloning'inia,
ukapiga mstari katikati ya nyama yake.
Watoto watatu walilala mle.
Mmoja hakuamka.

Dada yangu Nakihiyo ameanza: usipoziba ufa...
Nikamkatiza. Ukuta wenyewe, Nakihiyo,
umeshabomolewa, umesafirishwa ndani ya chupa.
Tunaziba nini?
Akacheka, kisha akalia,
kisha akavuta kitunguu akaanza kukikata
ili machozi yapate sababu.

Mwanangu Hizza kapiga simu kutoka Mbagala:
mama, chumba kipo, ila choo kiko nje.
Nawe ulisema mionzi huikera njia ya mkojo.
Basi nikahesabu hatua za usiku
kwenda kwenye choo nisichokijua.
Hayo Moshi hawakuyaandika.

Na baba Hizza, ambaye tangu Bombo
hajasema zaidi ya "umekula?",
jana aliuliza gizani:
"Wakiweka hicho kifaa, tutabaki?"
Nikamwambia patakauka kidogo, daktari kasema,
zipo dawa za kulainisha.
"Sikuuliza hilo," akasema.
Tukalala mgongo kwa mgongo, nyayo zimegusana.

Leo alfajiri kijana wa Muheza kashusha magunia sita.
Kawaida namwaga moja lote chini, nikague.
Leo sikumwaga.
Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko,
nikatoa moja, nikalimenya.
Lilikuwa tamu. Halikunijibu kitu.
Nikasikia mdomo wangu unasema, kijana ananitazama:
ya ndani, mara tatu, ndiyo.
Ya nje, hapana.
Akauliza, "Mama, gunia lipi la nje?"

Sijui kama ni sawa.
Andika hivyohivyo kwenye faili:
mgonjwa hajui, ila amechagua.
Na uache nafasi chini yake,
maana mpaka Ijumaa naweza kubadilika,
na Nakihiyo bado ana methali.

Nikija nitakubebea machungwa kumi.
Ukimenya ukakuta bovu, usinilaumu.
Mimi niliyakagua kwa nje.